Jiko, Daftari na Jury: Kisa cha Mtahiniwa wa Uuguzi wa Katuba, Lubumbashi

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha msichana wa Katuba, mjini Lubumbashi, aliyekuwa katika mwaka wa nne, yaani wa mwisho, wa ITM, akijitayarisha kwa jury ya taifa, yaani mtihani wa mwisho wa masomo. Msomaji wa nje ya Kongo aelewe kwamba ITM ni shule za ufundi wa tiba zilizo chini ya Wizara ya Afya, na kwamba mwanafunzi anayeshindwa jury hapati diploma ya muuguzi wa ngazi ya A2. Asiye na diploma hana mlango wa kuingilia katika Ordre ya Wauguzi, chama rasmi cha taaluma hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya Julai 2016. Jury ina sehemu ya maandishi na sehemu ya vitendo, na lugha yake ni Kifaransa. Nilimfahamu mtahiniwa huyu kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa stage yake, yaani mazoezi ya kazi, hospitalini. Yeye na mama yake wamekubali kisa kiandikwe mradi jina, avenyu na shule visitajwe, na mambo machache yasiyobadilisha maana yamefichwa kwa sababu hiyo hiyo.

Lupango lao, yaani uwanja wa nyumba yao, lina watu tisa. Mama anauza unga na ndakala (samaki wadogo wakavu) katika soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, huondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi magharibi. Baba yuko machimboni, mbali na mji, na huonekana nyumbani kwa nadra. Nkambo, mzazi wa mama, ana shinikizo la damu. Waliobaki ni wadogo zake watatu na binamu wawili. Yeye ndiye mkubwa wa watoto, na tangu akiwa na miaka 14 ndiye mpishi wa nyumba. Wala si mpishi wa kutimiza wajibu tu: sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, huipika kwa karanga zilizotwangwa na matembele kidogo ili ilainike, wakati wa mvua, bowa (uyoga) unapojaa sokoni, hauchemshi nusu nusu kama wengi wafanyavyo kwa haraka, na kikanda anachokipika kwa unga wa mizizi ya okidi za porini, karanga, pilipili na magadi hufanya majirani watume watoto kuja kununua kipande kabla hakijapoa.

Siku yake wakati wa stage ilikuwa hivi: asubuhi yote hospitalini, alasiri kurudi nyumbani kwa miguu na kwa basi, kisha kuwasha mbabula (jiko la makaa), kuchambua mboga, kusonga bukari (ugali), kugawa chakula, kuosha vyombo. Alipofungua daftari ilikuwa usiku, mara nyingi bila umeme, kwa mwanga wa simu. Katika mtihani wa majaribio wa shule, miezi michache kabla ya jury yenyewe, alipata alama mbaya katika mambo matatu: hesabu za dozi na za sindano za maji, lishe, na uandishi wa mpango wa huduma kwa mgonjwa.

Familia ilikutana, kama ilivyo desturi, na mjomba akatoa shauri ambalo kila mtu aliliona la busara: msichana aache kupika kabisa mpaka jury ipite. Shauri hilo lilitoka kwenye upendo, nami silipuuzi. Lakini nilipoulizwa maoni yangu nililipinga, kwa sababu mbili. Kwanza, katika nyumba ile hakuna mtu mzima aliyekuwa huru kushika jiko. Mzigo ungemwangukia mdogo wake wa kike mwenye miaka 12, naye yuko shuleni, na hivyo tungemnusuru mmoja kwa kumzamisha mwingine. Pili, nilikuwa nimemwona kazini. Alikosea hesabu ya dozi kwenye karatasi, lakini alipokuwa akichanganya kitu kwa mikono yake, kiasi hakikumpotea. Kumtenga na jiko kungemnyima mahali pekee ambapo akili yake ilifanya kazi ya vipimo bila woga.

Tulipotazama vizuri jinsi alivyosoma, tatizo la pili likajitokeza, na kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko ukosefu wa muda. Alisoma kwa kurudia. Kurasa zile zile zilikuwa zimepigwa mistari kwa kalamu ya rangi mara nyingi hadi karatasi ikalegea, na kila alipozisoma alihisi anazijua, kwa kuwa macho yake yalizizoea. Daftari likifungwa, maneno yanaondoka. Hali hii imechunguzwa kwa makini. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyasoma tena na tena, wengine waliyasoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya juma moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtahiniwa wetu alikuwa akijipima baada ya dakika tano, na jury ingempima baada ya miezi.

Kwa hiyo uamuzi ulikuwa kuendelea kupika, lakini kuupanga upya upishi wenyewe ili ufanye kazi mbili: upunguze muda wa kusimama kwenye moto, na ule muda usiopungua uwe muda wa kujiuliza maswali bila daftari.

Kazi ya kwanza ilifanywa na kapu. Maharagwe, ambayo yalikuwa yakila alasiri nzima na makala (makaa) mengi, yaliloweshwa usiku kucha. Alfajiri, kabla ya kwenda stage, maji yale yalimwagwa, maharagwe yakachemshwa kwa moto mkali katika maji mapya, kisha sufuria ikafunikwa na kufungwa ndani ya kapu kubwa lililojazwa blanketi kuukuu, juu na chini na pande zote, isifunguliwe mpaka alasiri. Joto lililobaki ndani liliendelea kuyapika. Hapa palikuwa na somo la usalama ambalo mtahiniwa alilieleza mwenyewe nilipomuuliza: maharagwe mekundu yana sumu asilia isiyovunjika kwa joto la chini, kwa hiyo ni lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kuingia kapuni, na chakula kinachokaa kwa muda mrefu kikiwa na joto la chini ya nyuzi 60 huwa shamba la vijidudu, kwa hiyo sufuria ndogo isiyojaa, ambayo hupoa haraka, haifai kwa njia hii, na alasiri chungu hurudishwa motoni mpaka kichemke upya kabla ya kuliwa. Aliyekuwa akishindwa kukumbuka sheria za usafi wa chakula kwenye karatasi aliniambia zote akiwa amesimama na mwiko mkononi, pamoja na sababu zake.

Kazi ya pili ilihitaji ubunifu zaidi. Kila chakula cha nyumbani kilipewa somo lake, na swali liliulizwa kabla sufuria haijafunuliwa. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 10, alipewa vikaratasi vyenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, akawa muulizaji. Bukari ilibeba ugonjwa wa pelagra: kwa nini anayekula mahindi tupu siku zote anaweza kukosa niasini (vitamini B3), dalili zake za ngozi, tumbo na akili, na kwa nini karanga na maharagwe vinavyosindikiza bukari ni kinga. Sombe ilibeba mambo mawili, sumu ya sianidi iliyomo katika majani ya muhogo, ambayo huondolewa kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu bila kufunika kabisa, na madini ya chuma ya majani ya kijani, ambayo mwili huyapata vizuri zaidi panapokuwa na vitamini C na vibaya zaidi chai inaponywewa pamoja na mlo. Mawese yalibeba vitamini A na upofu wa usiku wa watoto. Si kila siku swali lilijibiwa. Lilipokosewa, mtoto aliweka karatasi upande wa pili wa meza, na swali likarudi baada ya siku mbili, kisha baada ya juma.

Hesabu ndizo zilizompa shida zaidi, na hapo ndipo jiko lilipoonyesha nguvu yake. Karibu na mlango wa lupango kuna ndoo ya kunawia mikono yenye bomba dogo chini. Jioni moja nilipita nikamkuta amechuchumaa mbele yake, bakuli chini ya bomba, na mdogo wake ameshika simu inayoonyesha sekunde. Swali lilikuwa la kawaida kabisa katika jury: mgonjwa apewe mililita 1000 za maji ya dripu kwa saa 8, kifaa kina matone 20 kwa mililita moja, ni matone mangapi kwa dakika? Alikuwa amepiga hesabu kwa kijiti mchangani: matone 20,000 kugawanya kwa dakika 480, karibu 42. Sasa alikuwa akizungusha bomba kidogo kidogo mpaka matone yafike kiasi hicho. Mtoto alihesabu kwa sekunde 20, akitafuta matone 14. «Yaya, ni kumi na saba,» alimwambia dada yake. Akalibana bomba. «Kumi na tano.» Akalibana tena kwa ncha ya kidole. Walipofika 14 aliniangalia bila kusema kitu, akafuta mchanga kwa kiganja na kuandika swali jipya: mililita 500 kwa saa 4. Jibu lilitoka lile lile, naye akaeleza kwa nini kabla sijamuuliza. Wodini nimeona wauguzi wenye diploma wakikisia mwendo wa matone kwa macho. Msichana huyu hawezi tena kukisia, kwa sababu mkono wake umekwisha kujua 42 inaonekanaje.

Myeyuko wa klorini ulifundishwa na tangawizi. Alitengeneza tangawizi nzito, yenye sukari na limau, kisha akaipunguza makali kwa uwiano ule ule unaotumika hospitalini: sehemu moja ya dawa yenye klorini ya asilimia 5 na sehemu 9 za maji hutoa asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na damu iliyomwagika. Sehemu moja kwa 99 hutoa asilimia 0.05. Binamu mdogo alipewa glasi ya pili aionje, akaitema pembeni: «Hii ni mayi tu!» Tangu hapo hakuna mtu katika lupango lile aliyechanganya tena myeyuko mkali na myeyuko hafifu. Nilisisitiza jambo moja, nalo nalirudia kwa kila atakayejaribu: chombo cha mazoezi ya kunywa na chombo cha klorini visikutane kamwe, na dawa yenyewe isiguswe nyumbani bila kusoma nguvu yake kwenye kibandiko, kwa sababu madukani haziko sawa.

Maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha nayo yalipikwa mara nyingi: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa. Kosa lililomfundisha lilikuwa la mdogo wake, aliyejaza chumvi mpaka ikarundikana juu ya kijiko. Mtahiniwa alimwonjesha kwa ncha ya ulimi, kisha akaeleza, kwa utulivu wa mwalimu, kwamba chumvi ikizidi hivyo inaweza kumdhuru mtoto kuliko kuharisha kwenyewe. Kutoka hapo tulipanda hadi maziwa ya F-75 yanayotumika kumtuliza mtoto mwenye utapiamlo mkali. Yale yanayotengenezwa kwa unga wa nafaka huwa na gramu 25 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 70 za sukari na gramu 35 za unga kwa lita moja, pamoja na mafuta, madini na vitamini. Hakuyapika kwa ajili ya mtoto yeyote, na hilo lilikuwa sharti, kwa kuwa maziwa hayo ni tiba na mahali pake ni kituo cha afya. Alichofanya ni kuchukua mizani ya mama yake ya sokoni na kupima viambato vya robo lita, akigawa kila namba kwa 4, huku akieleza kwa nini mtoto wa aina hiyo huanzishwa kidogo kidogo kila baada ya saa chache na kwa nini F-100, yenye nguvu zaidi, husubiri. Mizani ile ndogo haikuweza kusoma gramu 6 na robo, naye akaligundua mwenyewe: afadhali kutengeneza lita nzima na kuigawa kuliko kupima vipande visivyopimika.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya Nkambo. Mpango wa huduma ndio uliokuwa umemwangusha katika mtihani wa majaribio, kwa sababu aliuandika kama kukariri: tatizo, lengo, kitendo, tathmini, maneno yale yale kwa kila mgonjwa. Nilimtaka aandike mpango kwa ajili ya Nkambo, kwa mahitaji 14 ya mgonjwa yaliyoorodheshwa na muuguzi Mmarekani Virginia Henderson, ambayo kila mwanafunzi wa ITM anayajua kwa orodha, na kuutekeleza kwa chakula. Dawa za Nkambo hazikuguswa. Zilibaki mikononi mwa kituo cha afya kinachomfuata. Kilichobaki kilikuwa sahani.

Nkambo anapenda makayabo, samaki wa chumvi. Anapenda pia mchuzi wenye Maggi, na akipikiwa bila chumvi husukuma sahani pembeni na kusema chakula cha wagonjwa apewe mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, na kipande kimoja cha makayabo kisichoroweshwa vizuri kinaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mpango wa kwanza wa mtahiniwa uliandika: «Kumkataza chumvi.» Ulidumu siku moja. Nkambo alituma mtoto dukani kwa siri.

Mpango wa pili ulianza kwa kumuuliza Nkambo mwenyewe anachotafuta katika chakula, swali ambalo vitabu hulitaja na wanafunzi hulisahau. Alisema anataka ladha inayobaki mdomoni. Hapo mpishi akaamka ndani ya muuguzi. Makayabo yaliroweshwa usiku kucha na maji kubadilishwa mara kadhaa, yakaliwa siku ya Jumapili tu; siku nyingine ikaingia samaki Thomson mbichi, iliyosuguliwa kitunguu saumu, tangawizi na limau na kuachwa kidogo kabla ya kuwekwa juu ya makala. Maggi iliondolewa hatua kwa hatua, si kwa siku moja, na nafasi yake ikachukuliwa na karanga za kukaangwa zilizotwangwa, nyanya zilizochomwa moja kwa moja kwenye makaa mpaka ngozi ikawa nyeusi, na pilipili nzima iliyowekwa juu ya mchuzi na kutolewa kabla haijapasuka. Nkambo alikula. Alilalamika juma la kwanza, la pili akalalamika kidogo, kisha akaanza kuuliza mbona samaki wa jirani ana chumvi nyingi hivyo. Mtahiniwa aliyaandika yote hayo kwa Kifaransa cha darasani: hitaji la kula na kunywa, hitaji la kuepuka hatari, hitaji la kuishi kwa imani na desturi zake, hitaji la kujifunza, tathmini ya kila juma, kilichoshindikana na kwa nini. Sikuwahi kusoma mpango wa mwanafunzi uliokuwa na mgonjwa hai ndani yake kama ule.

Jiko halikutosha, hata hivyo, na upungufu wake ulionekana mapema.

Kwanza, jiko lilimvuta kwenye masomo yanayolipendeza. Lishe, usafi na dozi zilipanda. Uzazi, famakolojia (elimu ya dawa) na maadili ya kazi zilibaki pale pale, kwa kuwa hakuna sufuria inayobeba hatua za kondo la nyuma au wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Tulijaribu kuzifunga na upishi nazo, na matokeo yalikuwa ya kulazimisha. Tuliacha baada ya majaribio machache, na ningemshauri yeyote aache mapema zaidi.

Pili, lugha. Jikoni alieleza kila kitu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, vizuri na kwa mpangilio, kisha mbele ya karatasi akakwama katika sentensi ya kwanza ya Kifaransa. Jury haimpimi kwa anachokijua bali kwa anachoweza kukiandika kwa Kifaransa. Vikaratasi vya maswali vilibadilishwa vikawa vya Kifaransa, na jibu la mdomo likakubaliwa kwa Kiswahili mara ya kwanza tu. Mara ya pili ilibidi liandikwe.

Tatu, mahali penyewe. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwafundisha wazamiaji orodha za maneno chini ya maji na nchi kavu, wakaona kwamba kilichofundishwa majini kilikumbukwa vizuri zaidi majini, na cha nchi kavu nchi kavu. Aliyejifunza daima mbele ya mbabula, na mwiko mkononi, na watoto wakiuliza, ataingia katika ukumbi wenye kimya na saa ukutani akiwa amenyang'anywa nusu ya viegemeo vyake. Dawa ya tatizo hilo si kuliacha jiko bali kuongeza mahali pengine, na hapa ndipo familia ilipohitajika zaidi kuliko mbinu yoyote.

Nitasema wazi: kapu, vikaratasi na tangawizi visingefika mbali kama mama asingegawa kazi upya. Alikaa na watoto wake siku ya Jumapili, akaamua kwamba baada ya chakula cha jioni mtahiniwa haoshi sahani wala hafagii; vyombo ni vya wavulana wawili, zamu kwa zamu. Palitokea maneno. Jirani mmoja alisema mvulana hafai kuonekana na masufuria bombani, na mkubwa wa wavulana akaanza kuviosha usiku sana ili asionekane. Mama hakubishana na jirani. Alimwambia mwanawe: «Yaya yako akipata kazi, wewe ndiye utakayelipiwa masomo wa kwanza.» Nafasi hiyo ya jioni, iliyopatikana kwa sahani na si kwa hamasa, ndiyo iliyomwezesha kwenda katika ukumbi wa parokia wenye taa za jua, kukaa kwenye kiti kigumu na kuandika majibu kamili kwa kalamu, kwa Kifaransa, akipima muda. Huko ndiko alikofanyia famakolojia na uzazi.

Kulikuwa pia na hatari ya ubunifu wenyewe, nayo inafaa kutajwa kwa kuwa wapishi wazuri wataitambua. Majuma matatu kabla ya jury alipokea maombi ya kikanda kwa ajili ya sherehe ya jirani, akatumia siku mbili nzima, akidai ni mazoezi ya uwiano. Haikuwa mazoezi, alikijua kikanda tangu utotoni na hakikumwuliza swali lolote jipya. Chakula kilichomfundisha ni kile kilichomlazimisha kupima, kubadili au kueleza. Baada ya hapo tulikubaliana kanuni: mlo usio na swali lake upikwe kwa njia ya mkato, na kapu ndilo lililobeba milo hiyo.

Katika jury alifaulu. Sehemu ya vitendo ilikuwa nyepesi kwake. Aliniambia kwamba swali la mwendo wa matone lilipokuja alisikia bomba la ndoo kichwani. Sehemu ya maandishi ilikuwa ngumu zaidi, hasa famakolojia, ambayo aliifikia kwa kuchelewa. Sidai kwamba upishi ndio uliomfaulisha, kwa sababu mambo mengi yalibadilika kwa wakati mmoja: namna ya kujipima, mgawanyo wa kazi, mahali pa kuandikia, na hata usingizi, uliorefuka alipoacha kusoma kwa mwanga wa simu. Ninachoweza kusimamia ni kwamba katika hesabu za dozi na katika mpango wa huduma, mabadiliko yalianza jikoni kabla ya hayo mengine kuanza, nami niliyaona yakitokea.

Binamu yake mmoja sasa yuko mwaka wa tatu wa ITM, katika lupango lile lile, na mpango wake umekwisha kurekebishwa kwa mujibu wa yaliyoonekana. Vikaratasi vyake ni vya Kifaransa tangu mwanzo wa mwaka. Famakolojia na uzazi vimepewa ukumbi wa parokia kuanzia muhula wa kwanza. Jiko limebakiziwa dozi, myeyuko, lishe na mpango mmoja wa huduma kwa mtu halisi wa karibu, ambaye safari hii atakuwa mtoto wa jirani mwenye kisukari, kwa ridhaa ya mama yake na chini ya usimamizi wa kituo cha afya. Vyombo bado ni vya wavulana.